Katanga Bado Wanakula Ng'ombe?

Dada yangu Dorica alikuwa na swali moja tu kwa kila boti lililofika Nchelenge kutoka Kilwa, ng'ambo ya ziwa. Hakuuliza bei ya chumvi, hakuuliza vitenge, hakuuliza nani amekufa. Aliingia majini mpaka magotini, akashika ubavu wa boti, akawauliza mabaharia kwa Kiswahili chao cha Kongo: "Kule Katanga, bantu bangali banakula ngombe?"

Mabaharia walicheka. Mmoja wao alimpachika jina la Mama Nyama, na jina likamganda. Watu walidhani ana uchu, na ukilitazama swali lenyewe huwezi kuwalaumu. Lakini Dorica alikuwa mtu wa kula kidogo, na nyama ya ng'ombe hata hakuipenda sana, ilimkwama menoni. Alichokuwa akiuliza ni habari za mume wake.

Mimi naitwa Felistus. Mama yake Dorica na mama yangu ni tumbo moja, na kwetu hilo linatosha kutufanya dada. Tulikaa uwanja mmoja, tukabanika samaki kwenye uchaga mmoja, tukagombania kuni karibu kila siku. Mume wangu ni Watson, mvuvi, na namwona asubuhi, mchana na jioni mpaka namchoka. Kwa hiyo habari za mwanamke kumlilia mwanamume aliye mbali mimi sikuzijua, na nilipoziona kwa Dorica zilinikera.

Sisi wa ziwa Mweru si watu wa ng'ombe. Ng'ombe kwetu walikuwa wapita njia. Walitoka juu, kwa Wamambwe, upande wa Abercorn, wakaswagwa kwa miguu wiki nyingi mpaka ziwani. Katikati kuna pori la mbung'o, na pori hilo walilivuka usiku tu, mainzi yakiwa yamelala. Walifika Nchelenge mbavu nje, wakapumzishwa kwenye majani ya ufuoni, wakingoja tishali la chuma liwavushe mpaka Kilwa. Kutoka Kilwa walipelekwa migodini, kwa sababu makampuni ya shaba yalikuwa yanawalisha wafanyakazi wao nyama.

Biashara ile haikuwahi kutulia. Shaba ikiuzwa vizuri, wafanyakazi waliongezwa, midomo ikaongezeka, na ufuo wetu ukanuka samadi mwaka mzima. Shaba ikianguka, ufuo ulinuka samaki peke yake. Mara nyingine Katanga wanataka nyama, lakini huko juu homa ya mapafu imeingia kwenye mazizi, na bwana mifugo ameweka mti kukata njia. Mara nyingine njia iko wazi, ng'ombe wapo, lakini wanunuzi wamepata nyama ya barafu iliyoletwa kwa treni kutoka kusini, tena rahisi zaidi. Sisi hatukuelewa hata nusu ya mambo hayo. Tuliona tu vumbi linakuja au haliji.

Silwamba alikuja na vumbi. Alikuwa mmoja wa waswagaji, mrefu, mweusi tii, mwenye aibu kama mwari. Dorica alikuwa anawapikia waswagaji pale walipongojea tishali, na siku ya kwanza alimwekea ugali wa muhogo na samaki mzima. Silwamba alimtazama yule samaki kwa muda mrefu. Alizaliwa kwenye maziwa na ugali wa ulezi, na hakujua pa kuanzia. Alipojaribu, mwiba ukamkaa kooni, akakohoa mpaka machozi, na wenzake wakacheka wakipiga mapaja. Dorica hakucheka. Alimmezesha tonge kavu la ugali, mwiba ukashuka, kisha akavuta sahani upande wake, akatoa miba yote kwa vidole, akamrudishia. Kesho yake Silwamba hakusubiri. Alisukuma sahani kwa Dorica kabla hata ya kunawa.

Ndivyo walivyoanza, kwa sahani ya samaki. Kimambwe Dorica hakukijua, na Kibemba chetu Silwamba alikuwa amekiokoteza njiani tu, kwa hiyo walitongozana kwa Kiswahili cha sokoni, kile kile tunachonunulia chumvi. Mimi nilikuwa nabanika samaki upande wa pili wa ukuta wa mabua nikisikia kila kitu, na nawaambia kile Kiswahili cha kugombania bei, kikisemwa polepole na watu wawili wanaopendana, hamtakitambua.

Sasa, kwetu mwanamume akitaka mke, anahamia ukweni na kufanya kazi. Anajenga, analima, anavua, mpaka wakwe waridhike naye. Silwamba alikuwa anaogopa hata kusimama kwenye mtumbwi. Kwa hiyo akafanya kama wanavyofanya kwao. Safari iliyofuata alikuja na kundi la kuuzwa, na nyuma ya kundi alikuja na mtamba wake mwenyewe, ng'ombe jike mchanga ambaye hajazaa, mwekundu, mwenye doa jeupe begani. Alimvuta kwa kamba ya ngozi mpaka kwa mjomba wetu Chabu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, akapiga goti, akamkabidhi kamba kwa mikono miwili. Alisema mtamba huyu ni wa Dorica, na siku atakapozaa, yeye atakuja kumchukua mkewe ampeleke kwa mama yake. Mjomba alipiga makofi ya shukrani, akasema amekubali.

Zaidi ya hapo hakuna aliyesema kitu. Silwamba hakuona sababu ya kueleza zaidi, kwa kuwa kwao hata mtoto mdogo anajua ng'ombe wa namna ile ni wa nini. Nasi hatukuona sababu ya kuuliza.

Dorica alimpenda yule mtamba kwa namna iliyotuchekesha. Binti wa wavuvi, akitembea ufuoni na ng'ombe kama mtu aliyepotelewa na njia. Alikata matete, akampelekea maji, akamng'oa kupe mmoja mmoja. Mwaka ule Silwamba alikuja na kila kundi, na Dorica alikuwa anaimba hata akipalia muhogo. Nilimwambia apunguze sauti, Watson anashindwa kulala mchana.

Halafu njia ikafungwa. Tulisikia homa ya mapafu imeingia juu, bwana mifugo ameweka mti wake, hakuna kwato kuvuka. Tishali likaanza kubeba samaki wakavu. Ndipo Dorica alipoanza kuingia majini na kuwauliza mabaharia lile swali lake, kwa sababu aliamini kwamba Katanga wakililia nyama sana, wakubwa watatafuta njia ya kufungua. Mabaharia walimwambia Katanga wanakula, mama, lakini wanakula nyama ya barafu. Alirudi akaniuliza nyama ya barafu ni kitu gani. Nilimwambia ni nyama isiyohitaji mchungaji. Nilitaka kumchekesha, lakini hakucheka.

Katika kipindi kile ndipo bibi yetu Mwaba alipofariki. Bibi alikuwa amezaa ukoo mzima, na waombolezaji walikuja kutoka Mununga, kutoka Chienge, na kwa mitumbwi kutoka ng'ambo. Ziwa nalo lilichafuka wiki ile, upepo ukavuma mfululizo, hakuna mvuvi aliyeweza kutoka. Nyimbo za kanisani tulikuwa nazo, kitoweo hatukuwa nacho. Mjomba Chabu alikuwa anazunguka uwanjani bila kumtazama mtu usoni, kwa sababu kuwaacha waombolezaji wa mama yako na njaa ni fedheha ya kubaki nayo maisha yote.

Aliyekwenda kufungua kamba ni Dorica mwenyewe. Hakuombwa. Alimleta mtamba mpaka mbele ya wazee na kusema mume wake yuko mbali, njia imefungwa, lakini mkono wake upo. Na nataka mwelewe vizuri jambo hili. Kwetu hakuna sifa kubwa kwa mkwe kuliko hiyo. Mwanamume aliyewalisha watu wa mkewe kwenye msiba, hata kama ametoka mwisho wa dunia, haitwi tena mgeni. Wazee walisimama. Jina la Silwamba lilitajwa kaburini, katika sala, pamoja na majina ya watoto wa marehemu. Dorica alilia usiku ule, na si kwa ajili ya bibi peke yake. Aliniambia sasa Silwamba ni wa hapa.

Alingoja kumpa habari hiyo kwa mvua nzima na kiangazi nusu. Aliitunza kama mtu anavyotunza kanga mpya ya sikukuu. Alinieleza jinsi atakavyoanza, maneno ya kwanza yatakuwa yapi, na mimi niliyasikia mara nyingi mpaka ningeweza kumsaidia.

Njia ilifunguliwa, na vumbi likaja. Silwamba alikuja mbele ya wenzake, akawaacha na kundi, akapita moja kwa moja mpaka uwanjani kwetu. Dorica alipiga magoti kumwamkia. Silwamba aliitikia lakini macho yake yalikuwa kwenye kigingi, kile kijiti cha kufungia mtamba, ambacho kilikuwa peke yake na majani yameota kukizunguka.

"Ngombe iko wapi?" akauliza.

Dorica alikuwa anatabasamu. Nilimwona, na tabasamu lile sijalisahau. "Ngombe yako ililisha bantu bote ba kilio ya nkambo yetu," akasema. "Mpaka Mununga banataja jina yako."

Silwamba alikaa chini, palepale kwenye vumbi. Dorica akaanza kurudia, akidhani hakusikia vizuri. Ndipo aliposema, polepole, kama zamani walivyokuwa wakisema maneno yao mengine, "Ile haikukuwa nyama, Dorica. Ile ilikuwa weye."

Alitueleza, Mjomba Chabu akiwepo. Mtamba yule alizaliwa na ng'ombe aliyekuja kwao siku dada yake alipoolewa. Dada aliondoka nyumbani, ng'ombe akaingia, na mama yao alimkamua miaka yote akimkumbuka binti yake. Mtoto wa ng'ombe yule ndiye aliyeletwa kwetu kukaa mahali pa Dorica, na kwao huulizwa ndama wake kama watu wanavyoulizwa wajukuu. Watu wa mke wakimla, wamesema hawana tena habari na ndoa hiyo. Mjomba alishika kichwa. Alisema kwa uchungu wa kweli kwamba hakujua, na mimi namwamini, kwa sababu kama angejua, angewalisha waombolezaji majani.

Silwamba hakupiga kelele wala kumtukana mtu. Aliviringisha ile kamba ya ngozi, akaitundika ukutani, akaenda kulala na wenzake zizini. Alivuka na kundi mpaka Kilwa. Waliporudi, alipita uwanjani, akamwamkia Mjomba kwa mikono miwili, akamwambia Dorica abaki salama, akashika njia ya juu. Kamba ilibaki ukutani.

Miaka iliyofuata ndiyo Katanga walikula kuliko wakati mwingine wowote. Kundi lilifuata kundi. Ufuo ulijaa, tishali lilikuwa halipoi, mpaka sisi wa samaki tulilalamika hatupati nafasi ya mizigo yetu. Kila vumbi lilipoonekana Dorica aliacha alichoshika akakimbilia njiani, na kila mara Silwamba hakuwemo. Nilimwona akirudi, akitembea polepole, akijifanya alikwenda kutafuta kuni. Siku moja nilimwambia dunia ina wanaume wengine, tena wanaojua kula samaki. Alinijibu kwamba anajua, na kwamba usiku vidole vyake vinatafuta miba. Sikumtania tena kwa muda.

Mkubwa wa waswagaji wakati ule alikuwa Patson, Mmambwe mnene, mpiga domo, asiyeweza kufunga mdomo hata akila. Ni yeye aliyetuambia Silwamba yuko kwao, analima, hajaoa, haswagi tena. Dorica akamuuliza kama kosa lile lina dawa. Patson aliwaza huku akitafuna. Alisema wapo watu waliowahi kumpoteza ng'ombe wa namna ile kwa ugonjwa au kwa simba, na wakwe wakaweka ng'ombe mwingine kwenye kigingi kile kile. Akikaa na akazaa, hakuna atakayeuliza rangi ya yule wa kwanza.

Safari hiyo kulikuwa na mtamba kilema. Alichomwa na kisiki ukwato njiani, na wanunuzi wa tishali walikuwa hawapokei mnyama anayechechemea. Wanyama wa namna hiyo Patson aliachiwa awafanyie atakavyo, na kwa kawaida alikuwa akiwachinja. Dorica akamwomba yule. Aliwapikia waswagaji wote mpaka tishali lilipokuja, akawafungia samaki wakavu wa njia nzima ya kurudi, na Patson akaondoka akidhani amempunja. Mtamba alikuwa mweusi, mbaya wa sura, pembe moja imeelekea chini. Dorica alichukua ile kamba ukutani.

Aliuosha ukwato ule kwa maji ya chumvi na majani mpaka ukapona. Kundi lililofuata, Patson alimruhusu amchanganye mtamba wake na fahali mmoja, huku akisema maneno ambayo siwezi kuyaandika. Mtamba akashika mimba. Dorica akaanza kuimba tena, kwa sauti ndogo.

Sasa akapata wazo la kumpeleka yule mtamba juu mwenyewe. Njia aliijua kwa kuuliza. Angetembea na ng'ombe wake, kinyume cha makundi yote, ampeleke mpaka mlangoni kwa Silwamba aone. Alipomwambia Patson, yule mzungumzaji kwa mara ya kwanza alikuwa mkali.

"Usimupeleke kule, mama. Mwanamuke akirudisha ngombe, ni kusema anakatala bwana. Bakikuona naye ku njia tu, imekwisha."

Basi ikawa hivyo. Akienda na ng'ombe, ameivunja ndoa. Akienda bila ng'ombe, hakuna wa kumlinda mnyama hapa, na mtu yeyote mwenye njaa atamfanya kitoweo. Kilichobaki ni kukaa na kamba mkononi, na kumwomba Patson apeleke habari. Patson aliahidi. Lakini alipoondoka safari ile hakurudi, maana ndipo bei ya shaba ilipoanguka huko ng'ambo ya bahari, migodi ikapunguza watu, na Katanga wakaacha kula. Makundi yakakoma. Kama habari ilifika au haikufika, hatukuwa na wa kumuuliza.

Ndama alizaliwa mwanzo wa mvua, jike. Dorica alikuja kuniamsha, akanivuta mkono, tukasimama tukamtazama kadogo kale kakijaribu kusimama kwenye matope. Akaniambia, "Amezaa, dada. Alisema akizaa atakuja." Nilikuwa nimezoea kumcheka, na siku ile nilikosa hata pa kushika.

Nyama ya ng'ombe sasa ilikuwa adimu pwani nzima ya ziwa, na wale wawili uwanjani kwetu ndio pekee waliobaki. Akaja mfanyabiashara kutoka Kilwa, anamwoza binti yake, anataka ng'ombe kwa bei yoyote. Mjomba Chabu alikuwa na paa la nyumba lililooza na wapwa wa kuwavisha. Alikubaliana naye bila kumwambia Dorica, halafu akaja kumwambia kwa upole, kwamba Silwamba ameshasahau, kwamba hata ndama atabaki.

Dorica alikaa chini karibu na kigingi, akazungusha kamba mkononi mpaka kwenye kiwiko. "Mjomba," akasema, "mara ya kwanza niliwapa mimi mwenyewe. Mara hii anzeni na mimi."

Mfanyabiashara alikaa siku kadhaa akitumaini. Nilimpelekea Dorica ugali palepale chini, na watu wakaja kutazama. Mjomba mwishowe alimrudisha yule mtu kwenye mtumbwi wake, akanuna mwezi mzima. Tangu siku ile Dorica hakwenda mbali na uwanja, hata kanisani hakwenda. Alikwenda majini tu, kila boti lilipofika, huku nimemshikia kamba.

Kundi moja lilikuja mwaka wa tisa wa miaka ile ya hamsini, kiangazi kikiwa kikali. Dogo, la ng'ombe wembamba. Patson alikuwa mbele, amepungua mwili. Nyuma kabisa, kwenye vumbi zito ambapo huwekwa watu wapya, alikuwepo Silwamba, na nywele zimeanza mvi pembeni ingawa hakuwa mzee.

Dorica alikuwa anamnywesha ndama maji. Hakukimbia njiani safari ile, na ndiyo safari aliyokuja. Silwamba alisimama mlangoni mwa ua. Alimtazama yule ng'ombe mweusi mwenye pembe mbaya, akamtazama ndama, akaitazama ile kamba, kamba ya baba yake. Dorica alitaka kueleza na maneno yakamkimbia yote, yale aliyoyafanyia mazoezi kwa miaka.

Kumbe Patson hakuwa amefikisha habari yoyote. Alikutana na Silwamba siku ile tu kundi lilipoondoka huko juu, na kwa mara ya kwanza maishani alifunga mdomo wake, akaona ni bora mtu ajionee.

"Mama anaulizaka kila mwaka kama ngombe ilizaa," Silwamba akasema. "Sikumwambiaka kama ilikuliwa. Nilimwambia ilizaa, na mutoto ni muke. Nilimwambia nangojea njia ifunguliwe. Kila mwaka niliongopa hivyo."

Dorica akaonyesha ndama kwa kidole, kama mtoto. "Muke," akasema.

Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba, na nililia huko kwenye kuni, kuni zile zile tunazogombania. Mtu mmoja huku ameshika kamba, mwingine kule ameshika uongo, na wote walikuwa wanamlinda ng'ombe mmoja. Niliporudi, sahani ilikuwa kati yao na Dorica anatoa miba.

Lakini hawakuwa wamemaliza. Mama wa Silwamba alikuwa mzee sana, na alitaka kumwona mke wa mwanawe kabla hajafumba macho. Waswagaji wangerudi juu tishali likishavuka. Dorica alimtazama yule ng'ombe, akamtazama Mjomba aliyekaa barazani akijifanya anashona wavu, na nikaona anataka kusema hapana. Angebaki. Angemwacha Silwamba aende tena, yeye abaki na kigingi chake. Nilimjua vizuri mno.

"Nipe kamba," nikamwambia.

Alinikatalia. Akasema mimi siwapendi ng'ombe, nitachoka. Nikamwambia kweli siwapendi, wananuka, lakini mimi ni mtu wa kugomba, na Mjomba ananiogopa mimi kuliko alivyowahi kumwogopa yeye. Mjomba barazani hakubisha. Dorica akaifungua kamba kutoka mkononi mwake, na alama zake zilikuwa zimebaki kwenye ngozi.

Waliondoka asubuhi na waswagaji, yeye mwanamke peke yake kati ya wanaume. Aligeuka mara nyingi. Mimi sikupunga mkono kwa sababu nilikuwa nimeshika ng'ombe kwa mkono mmoja na ndama kwa mwingine, na ndama alikuwa ananikanyaga. Walisema kundi lijalo litaleta habari, pengine litawaleta wenyewe.

Tangu siku ile kundi jingine halijaja. Mvua zimekuja zikaisha. Ng'ombe yuko, ndama amekuwa mtamba, na Mjomba hajathubutu. Uchaga wangu ni mpana sasa, kuni zangu hakuna anayezigusa, na ninaweza kubanika samaki kutwa nzima bila mtu kuniambia nimekosea. Sikujua kwamba mtu anaweza kukumbuka hata ugomvi. Jioni nikila, nampa Watson samaki wake, na yeye anatoa miba mwenyewe kama alivyozoea tangu utoto, nami naangalia pembeni.

Boti likifika kutoka Kilwa namkabidhi Watson kamba. Naingia majini mpaka magotini, nashika ubavu wa boti, nawauliza mabaharia kama kule Katanga bado wanakula ng'ombe. Wanacheka. Wananiita Mama Nyama. Nami nawangoja wamalize kucheka, halafu nawauliza tena.